Damu ya Gratien Haina Kitu

Thacienne alikuwa amemwomba Mungu mambo mengi tangu afike Sydney, na kwa kawaida Mungu alimjibu kama zinavyojibu ofisi za serikali: subiri kwenye laini, simu yako ni ya muhimu kwetu. Kwa hiyo Alhamisi ile, katika zahanati moja ya Granville, jibu lilipokuja papo hapo, tena kwa spika ya simu, aliruka kwenye kiti na almanusura aangushe kompyuta ya daktari.

Daktari alikuwa kijana mwenye wagonjwa kumi na mmoja wanaomsubiri nje. Mkalimani alikuwa Mtanzania, sauti tu, amekaa huko Melbourne.

"Daktari anasema," ilisema sauti, "ile jeni waliyoitafuta, inayohusika na ugonjwa wa uti wa mgongo, haikuonekana kwenye damu ya baba."

"Haikuonekana kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Hebu rudia."

"Haimo, mama. Damu haina kitu."

"Good news," daktari aliongeza, na hilo halikuhitaji mkalimani. Akapiga chapa karatasi fupi iliyosema ugonjwa huo hauelekei kuwapo, akaitia sahihi, akatazama mlango.

Gratien, mume wake, alikuwa bado ameketi. Kuinuka kwake kulikuwa na hatua zake, na alikuwa bado kwenye ya kwanza. Alikuwa na miaka arobaini na moja, minane kati yake ameibeba ndani ya ghala la vyakula vya barafu huko Seven Hills. Miaka miwili sasa mgongo wake ulikuwa ukiamka saa nzima baada yake. Ajabu yake, akipumzika unazidi, akitembea unapungua, kwa hiyo kila aliyemwona saa sita mchana akipiga hatua alijiuliza alfajiri alikuwa analia nini. Kampuni ilikuwa imempa kazi nyepesi ya kubandika lebo, kwa muda. Muda huo ulikuwa unaisha, na baada yake ni mawili: arudi kubeba maboksi au aende zake.

"Umesikia?" Thacienne alimwambia. "Haimo!"

"Nimesikia."

"Sasa mbona uso huo, baba Armelle? Umepewa uhai unatazama kama umepewa bili."

"Nafurahi," Gratien alisema. "Ngoja nisimame kwanza, ndipo nifurahi vizuri."

*

Kwa Warundi asante haisemwi tu, inabebwa. Ukimshukuru Mungu mikono mitupu, watu watadhani alichokutendea nacho kilikuwa kidogo. Thacienne alilijua hilo tangu kambi ya wakimbizi, ambako mama yake aliwahi kushukuru kwa kupona malaria akiwa na maharage ya mgao wa wiki nzima kichwani, na wiki nzima wakala wimbo. Basi Jumamosi alinunua gunia la mchele la kupeleka kanisani, kilo ishirini.

"Tupeleke bahasha," Gratien alisema.

"Bahasha haionekani kwenye kamera."

"Mama Armelle, gunia hilo…"

"Si una mgongo mzima? Au damu imesema uongo?"

Hilo ndilo neno alilokuja kulijutia. Kwa wakati ule lilikuwa utani tu. Gratien alicheka kidogo, na Jumapili, chooni mwa ukumbi wa shule ambao kanisa liliukodi, akameza vidonge vitatu vya maumivu badala ya kimoja, akangoja vifanye kazi, akatoka.

Alibeba. Tena alibeba vizuri, gunia begani, mkono kiunoni, akinesa kwa ngoma kutoka mlangoni hadi mbele, na kina mama wakapiga vigelegele. Mchungaji Mushagalusa, Mkongo mwenye suti ya rangi ya machungwa na sauti isiyohitaji maikrofoni, alimpa maikrofoni.

"Damu yangu haina kitu!" Gratien alisema, jasho likimtoka. "Nimepona!"

"Semeni haina kitu!" alipaza mchungaji.

"Haina kitu!" walijibu watu mia moja na zaidi, na simu iliyofungwa kwenye kijiti ikarusha yote hewani, moja kwa moja, hadi Uvira na Bujumbura, na hata Seven Hills.

*

Jumatatu Gratien hakuweza kuvaa soksi. Jumatano jicho lake la kushoto likawa jekundu kama nyanya, na mwanga wa dirishani ukamchoma. Alhamisi simu ikalia. Alikuwa Shirleen, Mkenya wa ofisini kwenye ghala, anayeshughulikia wafanyakazi wagonjwa.

"Mama Armelle, habari? Nipee mzee."

"Mzee amelala, jicho linamuuma. Sema na mimi."

Shirleen alisita. "Kuna mkutano, baada ya wiki tatu. Daktari wa kampuni amesoma ile result ya jeni mlituletea. Anasema hakuna jeni, hakuna ugonjwa. So light duties zinaisha. Na pia…" Sauti ilishuka. "Kuna video, mama. Boss ameiona."

"Video gani?"

"Ile ya gunia."

Thacienne alikata simu bila kuaga. Alisimama jikoni, mikono ikinuka sabuni ya wazee wa Penrith aliokuwa amewaogesha tangu alfajiri. Akaingia chumbani, akafungua pazia makusudi. Gratien alifunika uso.

"Niambie ukweli," alisema. "Mimi ni mke wako, si kampuni. Mgongo huo unauma kweli?"

Gratien aligeukia ukutani.

"Kwa sababu damu imepimwa. Jumapili nimekuona kwa macho yangu unacheza. Mimi naamka saa kumi, napanda treni, nainua vikongwe vizito kuliko wewe, na mgongo wangu unauma pia. Nani amenipima jeni mimi?"

"Gunia lilikuwa lako," Gratien alisema polepole, kiganja juu ya jicho. "Nililibeba kwa sababu ulitaka wakuone una mume mzima. Nikameza vitatu. Sasa unaniuliza kama kampuni inavyoniuliza. Sawa. Andika na wewe kwenye karatasi yao."

Mlangoni alikuwa amesimama Armelle, binti yao wa miaka kumi na sita, ambaye Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza siku zote, kama mtu anayepokea chenji ya nchi nyingine.

"Baba, your eye is disgusting," alisema. "Get up. We're going to Emergency. Mama, stop yelling at him."

"Nani anapiga kelele?" alipiga kelele Thacienne.

*

Daktari wa macho ndiye aliyeuliza. Aliangaza jicho, akaangaza tena, kisha akauliza jambo ambalo Thacienne aliliona la kipuuzi: je, asubuhi mgongo wako hukakamaa? Gratien alimtazama kama mtu aliyetajwa jina lake katika mji wa ugenini. Daktari akaandika barua akaigonga muhuri wa haraka. Siku kumi baadaye wakamlaza Gratien ndani ya mtambo unaopiga kelele kama karakana, kisha wakaketi mbele ya daktari wa viungo, mama mwenye mvi na viatu vya raba, aliyegeuza skrini ili nao waone.

"Hapa," alisema, na Armelle akatafsiri kwa maneno machache kadiri awezavyo. Mifupa ya nyonga ilikuwa ya kijivu, lakini mahali inapokutana na uti wa mgongo kulikuwa na weupe, kama moto uliofukiwa majivu. "Huu ni uvimbe. Umeanza zamani, na jicho ni ugonjwa huo huo. Usipotibiwa, pingili zinaweza kushikana zikawa mfupa mmoja."

"Lakini jeni haimo," alisema Thacienne. Aliisema mara mbili, mara ya pili kwa hasira. "Walisema haimo!"

Daktari alivuta pumzi. Alieleza kwamba miongoni mwa watu wa asili ya Ulaya, karibu wagonjwa tisa kati ya kumi wa ugonjwa huu wanayo jeni hiyo, ndiyo maana madaktari huikimbilia. Wengi wenye jeni hiyo hawaugui kabisa. Na kwa watu wa Afrika iliyo kusini mwa Sahara jeni yenyewe ni adimu sana. Wengi wao wakiugua, wanaugua bila hiyo. Ziko jeni nyingine. Baadhi zinajulikana, baadhi bado, kwa kuwa waliochunguzwa zaidi ni watu wa Ulaya.

Armelle alipomaliza kutafsiri, Gratien alianza kucheka, akishika ubavu.

"Kwa hiyo walimtafuta Mzungu ndani ya damu yangu," alisema. "Hawakumkuta, wakasema nyumba haina mtu."

"What did he say?" daktari aliuliza.

Armelle alimwambia. Daktari hakucheka. Alisema, ndiyo, takriban hivyo. Akaendelea kueleza ugonjwa wenyewe: askari wa mwili, ambao kazi yao ni kulinda, wanageuka na kuwashambulia raia wao.

"Mwambie hiyo naijua," Gratien alisema. "Hiyo nimeikimbia mara mbili."

Thacienne yeye hakuweza kucheka. Alikuwa akiutazama ule weupe kwenye skrini, akihesabu: Jumapili ya gunia, ulikuwapo. Alhamisi ya pazia, ulikuwapo. Alitaka mtu wa kumkasirikia, na wa kwanza aliyemkuta alikuwa yeye mwenyewe. Akamweka kando kwa muda. Foleni ilikuwa ndefu.

*

"Iondoe hiyo video," alimwambia Mchungaji Mushagalusa, nyumbani kwake, kabla hata ya kukaribishwa kiti.

"Karibu kwanza, mama."

"Nimekaribia. Iondoe."

Mchungaji alikunja mikono. "Mama Thacienne, ushuhuda si mali yangu. Umetazamwa mara elfu sita! Kuna mama huko Uvira ameusikiliza, goti lake limenyooka. Vraiment, kweli kabisa. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie mume wangu anafukuzwa kazi kwa ushuhuda huo."

"Ukifuta ushuhuda unauita ugonjwa urudi."

"Ugonjwa haukuondoka, mchungaji. Haukwenda hata dukani."

"Hiyo ni lugha ya kukata tamaa. Tuombe."

"Tutaomba. Jumapili nipe maikrofoni kwanza, niseme tulikosea. Tulidhani damu ikikosa kitu kimoja, mtu amepona. Ni dakika mbili tu."

Mchungaji alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomuudhi zaidi. "Maikrofoni ni ya ushindi, mama. Tukianza kutoa ushuhuda wa kurudi nyuma, kanisa litabaki na nani?"

"Na wagonjwa," alisema Thacienne. "Ambao ndio mlionao tangu mwanzo."

Akaondoka. Mchele ulikwishaliwa kwenye semina ya vijana. Aliambiwa ulikuwa mtamu sana.

*

Chumba cha mkutano pale ghalani kilikuwa na meza nyeupe, mtungi wa maji na picha ya wafanyakazi wakicheka, ambao Gratien hakupata kumwona hata mmoja wao. Meneja, mtu mpole mwenye fulana ya njano inayong'aa, aliwaita kwa majina na kuyatamka vibaya kwa heshima. Shirleen aliketi pembeni yake na faili. Gratien alivaa miwani myeusi kwa ajili ya jicho, jambo lililomfanya aonekane kama mwanamuziki wa Kinshasa.

Meneja alisoma. Daktari wa kampuni amepitia kipimo. Kipimo hakina jeni. Kwa hiyo hakuna ushahidi wa ugonjwa unaodaiwa. Aidha, kuna hii. Akageuza kompyuta, na ukumbi wa shule ukajaa chumbani: ngoma, vigelegele, gunia. Thacienne aliwatazama wote wakimtazama mumewe akicheza, akahisi uso ukimwaka. Jumapili ile aliona fahari. Katika chumba hiki ilikuwa kama wamemvua nguo.

Karatasi ilisukumwa mezani. Maneno ya video, kwa Kiingereza, yamepigwa chapa safi.

"Nani katafsiri?" Thacienne aliuliza kwa Kiswahili.

"Ni mimi, mama," Shirleen alisema bila kuinua macho. "Niliambiwa. Kazi ni kazi."

"Umetafsiri vizuri?"

"Neno kwa neno."

"Na kwenu, Shirleen, mtu akisema kanisani amepona, Jumatatu mnamtwisha mawe?"

"Mama, please."

"Nauliza tu. Kwenu hakuna makanisa?"

Shirleen alipapasa kalamu. "Yako. Mama yangu ameponywa pressure mara nne."

"Na vidonge?"

"Bado anameza."

"Basi hilo mwambie huyu. Neno kwa neno."

Meneja alitazama huku na huku. Shirleen alimeza mate, akasema kwa sauti ndogo kwamba, katika desturi, kusema umepona kanisani si sawa na kusema umepona hospitalini. Meneja aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kama mtu anayeambiwa habari za chakula cha kigeni.

Thacienne akatoa barua ya daktari wa viungo, na picha, na kuziweka mezani. Kiingereza chake kilikuwa cha kuogesha watu, cha inua mkono, geuka, pole. Siku hiyo alikifanyisha kazi ambayo hakikuajiriwa kuifanya. "This gene, for white people," alisema. "For us, no gene, still sick. The doctor write it here. You read."

Meneja alisoma, midomo ikicheza. Akasema anasikitika. Akasema daktari wa kampuni ni mtaalamu, na kipimo ni kipimo.

"Daktari wenu alimwona Gratien lini?"

Shirleen alifunua faili, akafunua tena. "Hakumwona, mama. Alisoma karatasi."

"Hajawahi kumwona?"

"Hapana."

Kisha meneja, kwa upole ule ule, akaleta karatasi nyingine na kalamu. Gratien anaacha kazi kwa hiari. Atapewa barua nzuri ya sifa. Hakuna haja ya mambo kuwa magumu. Asipotia sahihi, Jumatatu arudi kwenye maboksi, kilo ishirini na mbili kila moja, kama ilivyo kwenye mkataba.

Gratien alichukua kalamu. Thacienne alilijua jambo hilo kuhusu mumewe: alikuwa mtu wa kutia sahihi. Kambini ulitia sahihi ndipo ule, ukatia ndipo uhojiwe, ukatia ndipo upande ndege. Hakuna karatasi iliyowahi kumuuliza kama anataka. Mkono wake ulikuwa tayari umeshuka kwenye mstari.

"Baba Armelle," alisema. "Hii usitie."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu tutaiona Jumatatu. Kwa hiari? Hiari ya nani? Wakitaka kukufukuza wakufukuze kwa mkono wao, waandike sababu kwamba wewe ni mgonjwa ambaye hawakumwangalia. Chama cha wafanyakazi kitaisoma, na wakili ataisoma. Sahihi yako wasiipate."

Gratien alitazama kalamu muda mrefu. Akaiweka chini, taratibu, sambamba na karatasi, kama mtu aliyerudisha kitu dukani.

Meneja alimtazama Shirleen. Shirleen akasema, kwa Kiingereza, na safari hii hakupunguza sauti, kwamba kuna barua mpya ya mtaalamu, kwamba daktari wa kampuni hajawahi kumwona mfanyakazi, na kwamba yeye ataandika hivyo kwenye ripoti. Meneja alikuna shingo. Basi, alisema, ataahirisha. Barua itapelekwa kwa daktari. Hadi hapo hakuna shifti, na bila shifti hakuna malipo, lakini kazi bado ni yake. Alisema hayo kama mtu anayetoa zawadi, na akasimama ili waondoke.

Walikuwa wamekaa saa moja na dakika kumi.

Gratien aliweka viganja mezani. Akasukuma. Hakuna kilichotokea. Akavuta miguu nyuma, akageuza mwili wote upande mmoja kwa kuwa kiuno hakikukubali kugeuka peke yake, akajaribu tena. Kiti kililia sakafuni. Meneja alipiga hatua mbele kumsaidia.

"Mwache," alisema Thacienne.

Yeye mwenyewe mikono ilikuwa ikimwasha kumshika mumewe. Aliifunga kifuani, akaishikilia hapo kwa nguvu zote.

"Aamke mwenyewe. Ninyi tazameni. Mmesoma karatasi za kutosha."

Ilichukua muda. Kuna kuinuka kwa mzee, ambako kuna heshima yake, na kuna kuinuka kwa mwanamume wa miaka arobaini na moja anayejivuta kwa meza ya watu, mdomo wazi, jasho likiteleza chini ya miwani myeusi. Mtungi wa maji ulitikisika. Shirleen aliweka kiganja mdomoni. Hakuna aliyejua pa kutazama, na Thacienne alihakikisha kila mmoja anapata pa kutazama: kila macho yalipokimbilia dirishani, aliyasubiri huko. Hatimaye Gratien alisimama, ameinama kama aliyepoteza kitu sakafuni, akipumua.

"You right, mate?" meneja aliuliza, uko sawa, rafiki? Aliuliza kwa wema, pengine.

Kwa miaka minane, kila alfajiri, kwenye mlango wa baridi wa ghala lile, Gratien aliulizwa swali hilo na watu ambao hawakusimama kusikia jibu, na kwa miaka minane alilijibu kama alivyofundishwa siku ya kwanza: good, mate, good. Alilijibu hivyo na homa. Alilijibu hivyo siku aliyopata habari ya msiba wa baba yake.

Aliondoa mkono mezani. Akavua miwani, ili jicho lile lionekane.

"No," alisema.

Akasubiri meneja aseme kitu. Gratien akasema tena, safari hii kwa sauti ya kutosha kufika hadi kule wanakobandika lebo.

"No, mate. Not good."